Hatukimbizwi na Mtu

Baba yangu haoni. Hilo nililijua Jumatatu asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, tukiwa tumeshatoka kwetu Qamsar, yeye ameshika usukani wa Paykan na mimi nimekaa kando yake nimepakata chupa mbili za marashi ya waridi. Tulikuwa tunalipeleka gari Kashan kwa mtu aliyelinunua. Mbele yetu kulikuwa na kilomita karibu thelathini za mteremko, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, tena katika msimu wa mawaridi, wakati nusu ya Tehran inapandisha kuja kututazama tukichuma maua.

Najua mtu atauliza ni binti gani huyo asiyejua kwamba baba yake haoni. Hata mimi nimejiuliza. Mimi ni naibu mkuu wa shule ya wasichana. Nikisimama mwisho wa ukumbi namwona mwanafunzi aliyeficha simu kwenye soksi. Lakini baba yangu nilimtazama kwa mazoea, na nadhani ndivyo alivyotaka.

Gari lenyewe lilinunuliwa miaka mitatu kabla ya Mapinduzi, rangi ya maziwa, mimi nikiwa na umri wa miaka mitano. Baba alilibebesha kila kitu. Masufuria makubwa ya shaba ya kuchemshia mawaridi yalifungwa juu ya paa kwa kamba, chupa zilijazwa kwenye buti, na ndugu yangu Jalal nusura azaliwe kwenye kiti cha nyuma. Nilipoolewa nilitolewa nyumbani ndani ya gari hilo, maua yamebandikwa kwenye boneti. Ndoa ilipovunjika ni hilo hilo lililokuja kunichukua mimi na sanduku langu, na njia nzima Baba hakuniuliza neno, ila alinipa leso na kupunguza sauti ya redio. Nililipenda gari lile kuliko ninavyowapenda baadhi ya jamaa zangu, na wao wanajua.

Mama yangu, Ezzat, alikaa kiti cha mbele miaka arobaini na saba, na miaka yote hiyo alimgombeza dereva. Mwishoni ndiyo alizidi. Punguza, hatukimbizwi na mtu. Mbona unaukumbatia mlima, kwani umeuoa? Ukitutupa bondeni, nani atakupikia? Tena alikuwa na tumbo la ajabu, tumbo lililochafuka ndani ya gari tu, hasa kwenye njia panda. Baba alilazimika kusimama, Mama avute pumzi, kisha aseme basi twende. Sisi watoto tulimwigiza kwenye sherehe. Mkwe wetu mmoja alikuwa akisema baba yetu, Haji Nosrat, ataingia peponi bila kuulizwa swali, kwa sababu ya kiti kile cha mbele tu.

Mama alifariki wakati wa baridi, moyo ulisimama akiwa anakunja nguo. Siku moja baada ya arobaini yake Baba aliweka kijiko chini na kusema gari liuzwe. Shangazi Batul, dada yake, akalia. Jalal alilia kwenye simu kutoka Isfahan, halafu akatafuta mnunuzi, kijana wa Kashan aitwaye Behrang, anayekodisha magari ya zamani kwa maharusi. Wote tulisema ni huzuni, mzee hawezi kukitazama kile kiti kitupu. Baba hakubisha. Alichokataa ni kitu kimoja, kwamba mimi niliendeshe kulipeleka. Alisema gari lile halijawahi kushikwa na mkono mwingine na halitaanza leo.

Dalili zilikuwepo. Baada ya msiba Paykan lilikwaruza ukuta wa kichochoro chetu mara mbili, na Baba akasema manispaa wameusogeza ukuta. Aliweka chumvi kwenye chai. Nilimwambia Jalal mzee anazeeka kwa kasi, na nikaona nimesema jambo la busara.

Asubuhi ile nilikuwa na wasiwasi wa kawaida tu, kwamba atalia njiani. Shangazi Batul alisimama mlangoni na bakuli la maji yenye majani ya kijani, na tulipotoka akayamwaga nyuma ya magurudumu, kama tunavyofanya mtu akisafiri ili arudi salama. Nikashusha kioo nikamwuliza anamwagia nini gari lisilotakiwa kurudi. Akanijibu kwamba mkono umezoea, na nisianze asubuhi na mapema.

Tulipita mashamba ya mwisho. Baba alikuwa ameuelekeza uso wake kushoto kidogo, kama mtu anayetega sikio, na midomo yake inacheza. Nilidhani anasoma dua. Nikasikiliza vizuri, nikasikia, "Tatu." Kisha kona ikafika, tukaipita, naye akasema, "Nne." Alikuwa anahesabu kona.

Baada ya kona ya tano kulikuwa na mwanamke katikati ya njia. Alikuwa amejitwisha furushi kubwa la mawaridi mgongoni, ameinama, anavuka taratibu kwenda kwenye mizani ya kupimia maua. Nilimwona kutoka mbali, nikangoja mguu wa Baba uhamie kwenye breki. Haukuhama. Nikamtazama usoni, alikuwa mtulivu kabisa, karibu anatabasamu. Nikapiga kelele, sijui nilisema nini, naye akakata usukani, tukapita karibu sana na yule mama hata maua kadhaa yakaingia kwa dirisha langu. Nyuma yetu nilimsikia akitulaani sisi na wazazi wetu.

"Nimemwona," Baba akasema. "Mwanamume gani yule asiyetazama njia?"

Mwanamume. Alikuwa amevaa shela lenye maua mekundu, na Baba, kutoka hatua mbili, alisema mwanamume. Nilizibana chupa kifuani. Nilitaka gari lisimame, hicho tu ndicho nilichokitaka duniani, nikasema neno la kwanza lililonijia.

"Baba, nina kichefuchefu."

Alikanyaga breki hapo hapo, akalisogeza gari kando ya barabara kwa ustadi kama wa kijana, akavuta breki ya mkono. Hakuuliza naumwa nini. Aliinamia usukani na kuniuliza kwa sauti ya chini, ya haraka, ambayo sijawahi kuisikia akizungumza na mimi.

"Kuna nini mbele?"

Mbele hakukuwa na kitu. Barabara nyeupe, kona ya sita, jua linaanza kushika mwamba. Nilikaa na chupa zangu na tumbo la mama yangu likanijia akilini, lile tumbo lililochafuka kwenye njia panda tu. Na ule mlima Baba aliokuwa akiukumbatia, na bonde, na mtu asiyetukimbiza. Miaka mingapi? Miaka sita, saba? Mama alikaa hapa nilipokaa, akayaona yote kwa ajili ya Baba, akamwambia yote, na sisi kwenye kiti cha nyuma tukamcheka na kumwigiza.

Nilishuka. Nikazunguka mpaka mlango wake, nikaufungua, nikasema asogee, niendeshe mimi, nikishika usukani tumbo hutulia. Baba hakusogea. Aliushika usukani kwa mikono miwili, na mikono yenyewe ilikuwa imezeeka kuliko uso wake.

"Turan," akasema, "ni mara ya mwisho. Usininyang'anye."

Hapo ndipo iliponipasa kusema. Maneno yenyewe ni mawili, Baba huoni, na mimi hulipwa kwa kuwaambia watu ukweli wasioutaka. Lakini ukimwambia mtu kama Haji Nosrat maneno yale, umemvua nguo barabarani. Nusu ya wagonjwa wa Qamsar walipelekwa hospitali ndani ya gari lile, na wajawazito, na wapangaji wetu na watoto wao, hata miaka hii ya mwisho, na hakuna aliyewahi kuumia. Nikashindwa. Nilirudi upande wangu na kufunga mlango, nikijua kabisa kwamba ninachofanya ni dhambi, na kwamba mtu akifa leo tutakuwa tumemuua wawili.

"Haya twende," nikasema. "Lakini taratibu. Hatukimbizwi na mtu."

Kisha akaweka gia.

Kilomita zile sitazisahau. Sauti yangu ya shuleni nilikuwa nayo, lakini Mama alikuwa na kipaji, alijua kiasi. Mimi nilipayuka. Kwenye kona ya tisa nilimwambia anaukumbatia mlima, akavuta kushoto kupita kiasi, kwenye upande wa wanaopandisha, na lori la mchanga likapita karibu na kioo cha pembeni huku likipiga honi ndefu. Nikamwambia akitutupa bondeni hakuna wa kumpikia. Akarudi kulia. Kwenye kona ya kumi na mbili familia moja ya watalii ilikuwa imeegesha gari nusu barabarani, mama amepanga watoto ukutani wapigwe picha, na baba mtu, kamera mkononi, anarudi nyuma nyuma katikati ya njia ili wote waingie.

"Punguza," nikasema. "Punguza, Baba. Tumbo. Tumbo."

Alisimama hatua tatu kutoka kwa yule bwana. Bwana akageuka, akaona Paykan, akafurahi. Alikuja dirishani akasema babu yake alikuwa nalo la rangi hii hii, akamwomba Baba ruhusa ya kupiga picha. Baba akamjibu kwa heshima zote, akitazama mahali ambapo yule bwana hakuwepo. Nikamkatiza, nikasema tumechelewa, na mzee huyu nisipomsukuma hatufiki hata kesho. Bwana alinitazama kama wanavyotazamwa wanawake wa namna yangu, na akampa Baba pole kwa macho. Baba hakuyaona.

Tangu hapo sikuwa na aibu tena. Nilimgombeza kona baada ya kona mpaka koo likakauka. Yeye alinijibu majibu yale yale aliyokuwa akimjibu Mama, naona, mwanamke, naona, ninaendesha tangu hujazaliwa, na ingawa nusu ya majibu hayakunihusu hayakuniudhi. Mara moja aliniita Ezzat. Hakujirekebisha, wala mimi sikumrekebisha. Tulipofika chini, kwenye barabara kuu, akasema, "Ishirini na tatu," na mabega yake yakashuka.

Kipilefti cha kuingilia Kashan tulikizunguka mara mbili kwa sababu sikupata ujasiri wa kumwambia atoke. Ya tatu nilifumba macho, nikasema sasa, akatoka. Ikiwa Mungu anaandika siku ambazo watu walipaswa kufa wakasahauliwa, Jumatatu ile imo.

Behrang alikuwa akitusubiri nje ya yadi yake na mafundi wawili. Magari sita ya zamani yalikuwa yamejipanga ndani, yameoshwa, yamefungwa utepe. Nilishuka kwanza. Nilijiambia tumefika, limekwisha, gari limeshaondoka mikononi mwake na hakuna mtu aliyejua. Nilitaka kucheka.

Baba alishuka kwa kulishika gari mwili mzima. Akaomba chupa moja. Akamimina marashi kiganjani, akapangusa kioo cha mbele, kisha boneti, kisha milango yote minne, akijiongoza kwa mkono, pole pole, na harufu ikajaa yadi nzima kama nyumba yenye maiti. Alipofika mlango wa mbele wa abiria alisimama kidogo. Kisha akamimina marashi yote yaliyobaki kwenye kiti. Mafundi waliacha walichokuwa wakifanya. Mimi nilitazama ukuta, maana ningetazama pale ningepiga yowe.

Behrang naye macho yalimjaa. Ni kijana mwenye moyo mzuri, na hilo ndilo lililotuponza. Baba alipomkabidhi ufunguo, yeye akaurudisha kwa mikono miwili, akainama.

"Haji, gari hili ni lako," akasema. "Mimi nalitunza tu. Siku yoyote ukilihitaji, njoo ulichukue, uendeshe, bila hata kunipigia simu."

Kwetu maneno haya husemwa kila siku. Mwenye duka hukwambia bidhaa ni yako, mwenye nyumba hukwambia nyumba ni yako, na kila mtu anajua jibu. Unakataa. Anakusihi, unakataa tena. Mara ya tatu unamshukuru na kumwombea dua, mambo yanaisha. Baba yangu ni bingwa wa mambo hayo. Amewahi kusimama robo saa mlangoni mwa msikiti na imamu, kila mmoja akimsihi mwenzake atangulie, mpaka swala ikawa inawangoja.

Baba aliupokea ufunguo. Akautia mfukoni mwa koti.

"Nitakuja Alhamisi," akasema. "Nina safari ya makaburini."

Behrang alibaki ameinama, mikono mitupu mbele yake. Kisha akasema, karibu chai, Haji, kwa sababu nini kingine angesema, akamshika Baba mkono na kumkalisha kwenye benchi kivulini. Nikamkumbuka Shangazi Batul na bakuli lake, nikamlaani.

Behrang alinifuata kwenye birika, akanong'ona. Alhamisi kuna harusi, gari limeshaahidiwa, bibi harusi amelichagua mwenyewe kwenye picha. "Dada, mimi nilisema kwa adabu tu," akasema. "Mzee hajui?"

"Anajua kuliko wewe."

"Sasa mimi nifanyeje? Neno limenitoka."

Alikuwa na haki ya kunung'unika, lakini Alhamisi yake haikuwa Alhamisi niliyokuwa naiona mimi. Mimi niliona Baba akishuka Kashan kwa basi la asubuhi, akichukua gari, akipandisha peke yake, anahesabu kona kinyume, kiti cha kando kitupu. Niliona njia ya makaburini, foleni ya mkate, wanawake wanaopanga mitungi ya maua kandokando ya lango. Hakuna wa kumwambia kwamba hatukimbizwi.

Ningeweza kumwambia Behrang ukweli pale pale. Angeiondoa ahadi yake, kwa upole, na ingekuwa imekwisha. Lakini mmoja wa wale mafundi ana shemeji Qamsar, na kufikia adhuhuri kila mtu aliyewahi kupanda gari la Haji Nosrat angekuwa anajihesabu viungo. Wangesema alicheza na roho zao miaka saba. Wangesema Ezzat alijua. Na kibaya zaidi, wangesema kweli. Niliwakasirikia wote wawili, mzima na marehemu, kwa kuniachia kitu kizito namna ile bila kuniambia nikishike wapi. Nilitia sukari kwenye chai isiyo yangu, nikaikoroga mpaka ikapoa.

Kisha nikatoka kivulini nikasimama mbele ya benchi, mahali ambapo wote watanisikia.

"Baba, rudisha ufunguo," nikasema.

Akageuza uso kushoto. "Kijana amenipa kwa moyo wake."

"Kijana ana adabu. Wewe umeuza gari, na mtu mzima akiuza ameuza. Unataka la nini? Alhamisi nitakupeleka mimi kwa gari langu."

"Gari lako ni kopo la samaki," akasema, na fundi mmoja akacheka kidogo, akajizuia. "Mimi nakwenda kumtembelea mama yako. Naikumbuka njia. Unanivunjia heshima mbele ya watu, Turan."

"Ndiyo, nakuvunjia. Rudisha."

Behrang alianza kusema hapana, dada, mwachie mzee, nitazungumza na watu wa harusi, na niliona kwamba atafanya hivyo kweli, atajiharibia kazi kwa ajili ya neno lake. Mafundi walinitazama kama mtu anayempiga kikongwe. Mkono wa Baba ulikuwa mfukoni, umefunga ngumi, na taya lake limekaza. Nilijua hautatoka. Nimemwona hivyo mara mbili tu maishani, na mara zote mbili hakulegea.

Nikakaa kando yake, upande wa kulia, kama tulivyokaa garini. Nikalegeza sauti, ingawa kila mtu alisikia.

"Punguza, Baba. Hatukimbizwi na mtu."

Kuku wa jirani alikuwa anatembea chini ya magari. Kisha Baba akainama kidogo kuelekea kwangu, na akauliza kwa sauti ile ya haraka ya asubuhi.

"Kuna nini mbele?"

"Watu," nikasema.

"Wengi?"

"Wengi. Wamesimama njiani."

Behrang na mafundi wake walitazamana. Yadini hakukuwa na mtu zaidi yetu.

Baba alitoa mkono mfukoni. Aliushika ule ufunguo kwenye kiganja, akausugua kwa kidole gumba, sehemu ambayo chuma kimelika, kisha akaunyoosha hewani, pembeni kidogo ya mahali Behrang alipokuwa. Behrang akahama mwenyewe akaufuata.

"Nisamehe, kijana," Baba akasema. "Uliyoyaona ndiyo maisha yangu. Huyu amemrithi mama yake."

Mafundi wakatikisa vichwa kwa huruma, wakamwita Haji, wakamletea chai nyingine. Mimi hakuna aliyeniletea. Mmoja alimwambia mwenzake, bila kujali kama nasikia, kwamba sasa ameelewa kwa nini niliachika. Nilikula hilo neno na nikaona halina uchungu niliouzoea. Kufikia jioni lingefika Qamsar, kwamba binti wa Haji Nosrat ni jini, alimnyang'anya mzee gari lake mbele ya watu. Watu wangesema vile mwaka mzima. Wangemhurumia Baba, na hakuna ambaye angeuliza kuhusu macho yake. Nilimfikiria Mama, na sisi tuliomwigiza, na nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Hatukugeuka kulitazama gari. Baba kwa sababu alizonazo, mimi kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka wafurahi. Tulitoka langoni kutafuta teksi. Barabarani kulikuwa na kelele, pikipiki, mikokoteni ya matikiti, watu wa asubuhi, na kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa mtoto Baba akashika mkono wa koti langu. Aliushika kwa vidole viwili tu, kama mtu anayeondoa uzi.

Tukatembea. Nikawa namtazama yeye badala ya njia, na mtaro ukatufikia kabla sijausema. Mguu wake ukazama, nikamdaka kiunoni, nikasema mtaro, Baba, mtaro, wakati ameshaingia.

Alijipangusa suruali, akasimama wima, akakishika tena kitambaa cha koti langu, safari hii kwa mkono mzima.

"Mama yako," akasema, "alikuwa anasema mapema kidogo."